Aliyebebwa na Aliyefichwa

Mhadhara kuhusu chui na malezi yake, uliotolewa Buzebazeba, Ujiji

Nyinyi wanafunzi mliokaa chini hapo mbele kwa sababu viti vimekwisha, sogeeni kidogo, msiogope. Chui mwenyewe hatujamleta.

Nilipokuwa nakuja huku kutoka Mwanga, kijana wa bodaboda aliniuliza naenda kuongea nini. Nikamwambia, chui. Akacheka hadi pikipiki ikayumba. "Mwalimu, Buzebazeba kuna chui gani? Huku kuna paka wezi wa migebuka tu." Neno lake nimekuja nalo, maana limeshinda utangulizi niliokuwa nimeuandika. Tuanze na huyo paka.

Paka akizaa chini ya kitanda, siku ya kwanza watoto wa nyumba watachungulia. Siku ya pili watachungulia tena na kuleta wenzao wa jirani. Siku ya tatu mnainama mnakuta manyoya tu. Amewahamishia darini, au nyuma ya magunia ya mkaa, mmoja mmoja, kwa kuwashika ngozi ya shingo bila kuwaumiza. Bibi atasema, "Mmemwangalia sana." Bibi huyo ameshamaliza nusu ya mhadhara wangu.

Chui ni paka huyohuyo, isipokuwa jike lake lina kilo 30 hadi 50 na dume linaweza kupita 60. Tena ni chui, si duma. Miaka yote niliyofundisha baiolojia, nikibandika picha ya duma ubaoni nusu ya darasa hupiga kelele "chui!" Duma ana madoa yaliyotawanyika kama kunde zilizomwagika, na michirizi miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, kama bibi harusi aliyelia na wanja. Chui hana michirizi hiyo. Madoa yake yamekaa kwa mafungu ya duara, kana kwamba mtu amechovya ncha za vidole kwenye masizi akazibonyeza ukutani. Duma anataka mbuga ya wazi akimbie. Chui anataka mahali pa kujificha, basi. Ndiyo maana anaishi msituni, kwenye miamba, nyikani, hata pembezoni mwa miji mikubwa: Nairobi wako, Mumbai kule India wako, na wenyeji wengi wa miji hiyo watazeeka bila kuwaona.

Sasa nataka mtazame barabara hapo nje. Saa hizi akina mama wanarudi kutoka Kibirizi na sokoni. Beseni kichwani, mtoto mgongoni ndani ya mbeleko. Mtoto amelala, kichwa kinayumba, na mama anabishana bei ya dagaa kana kwamba hana mzigo. Hii ni namna ya malezi, na katika ulimwengu wa wanyama ina jina: malezi ya kubeba. Mtoto yuko mwilini mwa mama mchana na usiku, anasikia moyo wake, anakwenda aendako.

Mkoa wetu umepata sifa dunia nzima kwa sababu ya malezi ya kubeba. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alishuka ufukweni Gombe Julai 1960, kilomita kama 16 tu kaskazini ya Kigoma mjini, na dunia ikajifunza kwake kwamba sokwe jike hubeba mtoto wake tumboni na mgongoni kwa miaka minne, mitano. Mashuhuri kuliko wote walikuwa Flo na mwanawe Flint. Flo alipokufa mwaka 1972, Flint alikuwa na miaka minane na bado alikuwa hajajitenga na mama yake. Alikaa karibu na mahali pale, akaacha kula, na haukupita mwezi naye akafa. Watu wamelia kwa kisa hicho London na Tokyo.

Hakuna aliyemlilia chui wa Gombe wala wa milima ya Mahale, na sababu ni rahisi: hatuna picha. Mlezi wa kubeba unaweza kumfuata na daftari. Lakini kuna malezi mengine, malezi ya kuficha. Mama anamweka mtoto mahali, anaondoka. Kwetu sisi tuliolelewa mgongoni, jambo hili linaonekana kama ukatili. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba kwa chui kule kuondoka ndiko kulea.

Tazameni anavyoanza. Mimba ya chui ni siku 90 hadi 105, miezi mitatu na ushei. Dume hayupo, alikaa na jike siku chache za kujamiiana, kisha kila mmoja akashika njia yake. Jike hana dada wa kumsaidia kama simba, ambao huzaa kwa pamoja na kunyonyeshana watoto. Anatafuta mahali mwenyewe: pango, ufa wa mwamba, mti ulio na shimo, kichaka cha miiba kisichopitika. Anazaa mtoto mmoja hadi watatu, mara nyingi wawili. Kila mmoja ana kama nusu kilo, pakiti ya nusu kilo ya sukari mnayonunua dukani. Macho yamefumba na hufumbuka baada ya wiki moja hivi. Manyoya ni marefu, ya kijivujivu, na madoa yamesongamana hata hayaonekani vizuri. Ukimweka juu ya majani makavu kwenye kivuli, utamtafuta.

Siku za mwanzo mama hakai mbali. Lakini maziwa hayatoki hewani. Njaa ikimbana anakwenda kuwinda, na kuwinda kwa chui hakuna saa. Anaweza kunyatia usiku kucha akakosa. Anaweza kupata paa na kulazimika kumpandisha mtini kwanza ili fisi wasimnyang'anye. Watoto wanabaki peke yao kwa masaa, na wakishakua kidogo anaweza kukosekana zaidi ya siku nzima. Nao hawalii. Mtoto wa chui aliyeachwa peke yake ananyamaza kama jiwe, na ukimya huo ndio mlango wa nyumba yao na ndio kufuli yake.

Mama anaporudi huita kwa sauti ndogo ya puani, ya kupumua zaidi kuliko kuunguruma. Hiyo ni tofauti kabisa na ile sauti yake kubwa ya usiku, ambayo walioisikia husema ni kama mbao inapasuliwa kwa msumeno: kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Sauti ya msumeno ni ya kuwatangazia chui wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Ile ndogo ni ya wawili watatu tu. Watoto hutoka, hunyonya, naye huwalamba mwili mzima na kuumeza uchafu wao ili pango lisinuke. Baada ya siku kadhaa huwahamisha. Hapo ndipo ilipo hatari ninayoifikiria sana. Mdomo wake una nafasi ya mtoto mmoja, na watoto ni wawili. Akimchukua wa kwanza kumpeleka maficho mapya, wa pili amebaki nyuma. Akirudi kumchukua wa pili, wa kwanza yuko peke yake mahali asipopajua. Hakuna njia ya kulikwepa hilo, na anarudia kila anapohama.

Nimesema hatuna picha, lakini kuna jambo moja nililiona. Miaka ya nyuma nilikwenda Mahale. Tuliondoka Kigoma na boti la mbao, usiku kucha pwani upande wa kushoto ikiwa nyeusi, hadi tukashushwa tukiwa tumelowa na harufu ya petroli. Mahale ni zaidi ya kilomita 100 kusini mwa hapa tulipo, milima inayopanda moja kwa moja kutoka ziwani hadi kilele cha Nkungwe, mita 2,462. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kabla ya hapo Watongwe walikuwa na vijiji pale, na ukipita Kasoje leo bado utakuta miembe na michikichi iliyopandwa na watu, sasa inaliwa na sokwe. Yaani msitu ule una nyumba za watu chini yake.

Tulikuwa tunatembea kando ya mto Kasiha, mimi na mwongoza njia, Mtongwe mtu mzima wa maneno machache. Mahali mto unapotulia pana mchanga laini. Akasimama, akanyoosha mkono kunizuia nisikanyage. Chini palikuwa na nyayo za chui: kisigino kipana, vidole vinne, bila alama ya kucha, maana chui hutembea kucha zikiwa zimefichwa. Upana wake ni kama mdomo wa kikombe cha chai. Nikafurahi, nikatoa daftari. Yeye hakuwa anazitazama hizo. Aliniinamisha kichwa kwa kiganja chake mpaka nikaona, pembeni, zikiingia na kutoka ndani ya nyayo kubwa, nyayo nyingine zenye umbo lilelile, kila moja kubwa kidogo kuliko kizibo cha soda. Mchanga ulikuwa haujakauka kingo.

"Anao," akasema.

Nikauliza kwa sauti ya kunong'ona, yuko mbali? Akajibu, "Tumeshaonekana. Turudi." Tukarudi kinyumenyume kwanza, ndipo tukageuka. Hatukusikia hata jani. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mnyama huyu na bado najua zaidi kutokana na vile vizibo vya soda.

Watoto wenye nyayo kama zile ni wa miezi miwili, mitatu. Wiki ya sita hadi ya nane ndipo wanapoanza kutoka pangoni, na karibu na miezi mitatu huanza kumfuata mama safari fupi na kuonja nyama. Mahale nyama yenyewe ni pongo, paa wadogo wa msituni, mbega wekundu, nyani, nguruwe. Mara nyingi mama huwaendea watoto na kuwaongoza hadi mzoga ulipo. Usiku, kwenye majani marefu, wanamfuataje? Ncha ya mkia wa chui ni nyeupe kwa chini, na mama hutembea ameikunja juu. Taa ya nyuma ya baiskeli, tuseme. Goodall mwenyewe alisimulia kwamba siku za mwanzo kule Gombe aliiona ncha ya mkia wa chui ikipita majanini karibu naye, akaamua kuondoka mahali pale, na aliporudi baadaye akakuta chui amejisaidia palepale alipokuwa ameketi. Mimi kisa hicho nakiona ni cha haki. Mwenye nyumba alikuwa anaweka saini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Mahale kuna utafiti wa Wajapani ulioanzishwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1965. Kama Gombe, wao pia walikwenda kwa ajili ya sokwe. Na katika miaka ya 1980, wakiwafuata sokwe wa kundi wanaloliita M, wakaona jambo ambalo liliandikwa mwaka 1986 na bado linajadiliwa. Sokwe waligundua pango la chui. Walilizingira wakipiga mayowe, na kutoka ndani ilisikika ngurumo ya chui mama. Dume mmoja wa sokwe akaingia, akatoka na mtoto wa chui mkononi. Walimuuma na kumburuta hadi akafa. Hawakumla. Mama hakutoka.

Kaeni kidogo na picha hiyo. Walezi wa kubeba, baadhi yao majike wenye watoto, wamesimama mlangoni kwa mlezi wa kuficha. Siri imevunjika, na siri ikishavunjika mama yule hana silaha ya pili. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi wangu, "Mwalimu, mbona hakutoka kupigana? Si mama huyo?" Dume la sokwe lina kilo 40 au zaidi, sawa na yeye, na nje walikuwa kundi zima. Chui mmoja akivunjwa mguu hawezi tena kuwinda, na chui asiyewinda hana wa kumletea chakula. Akifa yeye, kila mtoto aliyebaki pangoni amekufa pamoja naye. Akibaki hai atazaa tena. Sisemi alipiga hesabu hiyo kwa kalamu. Nasema chui waliotoka kupigana hawakuacha wajukuu wengi.

Wala msiwaone sokwe kuwa wakorofi bila sababu. Mwaka 2012 watafiti wa Mahale waliokota kinyesi cha chui, wakakiosha na kukichambua, wakakuta mifupa ya sokwe mzima wa kike. Ulikuwa ushahidi wa kwanza Afrika Mashariki kwamba chui hula sokwe. Basi mtoto yule aliyeuawa pangoni alikuwa adui wa kesho. Na mwaka 2016, hukohuko Mahale, sokwe walimkuta chui karibu na mzoga wa windo lake, wakamnyang'anya. Hawa ni majirani wa ukuta mmoja, wanajuana vizuri, na hakuna anayemsalimia mwenziwe.

Hata hivyo, adui mkubwa wa watoto wa chui hakai mtini, wala si simba na fisi, ingawa hao nao huwaua wanapowakuta. Adui mkubwa ni chui dume mgeni. Jike mwenye watoto hapandwi; yuko kwenye malezi kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Dume mpya akiingia eneo lile na kuwaua watoto ambao si wake, jike huingia joto tena baada ya muda mfupi, na wanaofuata watakuwa wa dume huyo. Ni unyama, naam, tunazungumza juu ya wanyama. Kule hifadhi ya Sabi Sand, Afrika Kusini, waongoza watalii wameandika kumbukumbu za chui mmojammoja kwa zaidi ya miaka 30, na watafiti walipozikusanya wakakuta ni watoto 37 tu katika kila 100 wanaofika umri wa kujitegemea. Wengi wa wasiofika walikufa mdomoni mwa simba au chui dume.

Kwa hiyo yule baba niliyesema hayupo, tumwangalie tena. Hamlishi mtoto, hamlambi, pengine hatamwona. Lakini maadamu anazunguka eneo lake usiku, anakojolea vichaka na kupiga ule msumeno wake, madume wengine hawaingii. Kutembea kwake ndiko ulinzi. Mtu akimpiga risasi, hajaua chui mmoja. Ameacha mlango wazi, na watoto wa majike wawili watatu waliokuwa chini ya kivuli chake wako hatarini. Jambo hili lilionekana wazi katika hifadhi ya Phinda, jimbo la KwaZulu-Natal, hukohuko Afrika Kusini: madume walipokuwa wanauawa ovyo, watoto walikufa, uuaji ulipopunguzwa, watoto wakaanza kupona. Nchi yetu inaruhusiwa na mkataba wa CITES kusafirisha nyara za chui 500 kwa mwaka, na kanuni zetu za uwindaji zinaruhusu madume tu, majike wamekatazwa. Aliyeandika kanuni hiyo alidhani anamwokoa mama. Kwa maoni yangu ameshughulikia nusu ya nyumba.

Sasa twende pwani kidogo, maana nawaona wazee wawili pale wanatazamana, nami najua wanachotaka kusema: chui wengine hawalelewi na mama yao, wanalelewa na watu. Nami nimekua nikisikia habari za chui wa kutumwa. Mahali imani hiyo iliposhika sana ni Unguja. Kisiwa kile kilikuwa na chui wake, mdogo wa umbo kuliko wa bara, mwenye madoa yaliyovunjikavunjika, na wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1932. Wanakijiji wengi waliamini kwamba wachawi huwafuga chui, huwalisha, huwazalisha na kuwatuma kutisha watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga maarufu aliyeitwa Kitanzi aliongoza kampeni ya kuwasaka wachawi na chui wao pamoja. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wameichunguza habari hii kwa miaka mingi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wanasayansi waliona chui wa Unguja ametoweka au yuko ukingoni, ingawa mwaka 2018 watengenezaji wa filamu kutoka Marekani walidai kumnasa kwenye kamera. Nadhani imani ile ilizaliwa na ukimya wenyewe. Mnyama anazaa jirani na shamba lako, analea watoto wawili mwaka mzima, na huoni kitu. Lazima kuna mtu anamficha! Yupo anayemficha, ni mama yake.

Wapo kweli waliojaribu kulea chui kwa mkono. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alimlea chui jike aliyeitwa Penny hifadhini Shaba, Kenya, na Penny akaja kuzaa porini. Adamson mwenyewe aliuawa hukohuko Shaba Januari 1980, na aliyemuua alikuwa binadamu. Kisa cha ajabu zaidi ni cha hapa Tanzania. Julai 2017, eneo la Ndutu, Ngorongoro, simba jike anayeitwa Nosikitok, mwenye kola ya watafiti shingoni na watoto wake wachanga mahali fulani, alipigwa picha amelala anamnyonyesha mtoto wa chui wa wiki chache. Picha zilizunguka dunia na watu wakasema upendo, upendo. Haikuchukua muda simba yule akaonekana bila yule mtoto. Maziwa yalikuwepo, ila mtoto wa chui anahitaji zaidi ya maziwa. Anahitaji mtu wa kumfundisha kuwa peke yake, na simba hajui kuwa peke yake.

Hili lina upande wake wa huku kwetu. Wakulima wanaofyeka mashamba mapya huko Uvinza na kwingineko huweza kukuta kichakani vitoto viwili vya manyoya vimelala vimebanana, mama hayupo. Mwenye huruma atasema vimetelekezwa, avichukue nyumbani avipe maziwa ya ng'ombe. Mwenye panga atafanya lingine. Wote wawili wamekosea kusoma. Mama yuko kazini, kama mama wa mtoto anayemsubiri mlangoni huku yeye yuko Kibirizi anasubiri mitumbwi ya dagaa. Rudini nyuma kama yule Mtongwe alivyonirudisha, na kazi ya pale isimame siku chache. Akigundua maficho yake yameonekana atawahamisha mwenyewe, kama paka wa bibi. Na kama kuna la kuripoti, kuna afisa wanyamapori wa wilaya. Isitoshe, kukutwa na chui nyumbani bila kibali, awe mkubwa au mdogo, ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hakimu hatauliza kama ulimpa maziwa.

Nimalizie safari ya wale wa vizibo vya soda, tuchukulie wameishi. Miezi ya kwanza wanawinda panzi, mijusi, panya, na mkia wa mama. Kufikia mwaka wanaweza kuua mnyama mdogo peke yao, vibaya vibaya, kwa kelele nyingi. Mama anaanza kuwaacha muda mrefu zaidi: siku mbili, siku tatu. Mnaona? Ni somo lilelile la siku ya kwanza, limeongezwa urefu. Kumbukumbu za Sabi Sand zinaonyesha kwamba windo likiwa haba, mama huwaweka watoto naye muda mrefu zaidi, hata kama kufanya hivyo kunamchelewesha kuzaa wengine. Kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miaka miwili inafika siku ambayo anakwenda na harudi kuwaita. Wakimfuata, anawatolea meno.

Flint alikufa kwa siku kama hiyo. Chui anaanza maisha yake.

Binti haendi mbali. Mara nyingi mama humwachia kipande cha eneo lake, wakapakana, na wakikutana huweza kupitana bila ugomvi. Kule Maasai Mara, Kenya, mpiga picha Jonathan Scott na wenzake walimfuatilia chui jike waliyemwita Half-Tail kwa sababu ya mkia uliokatika, na binti yake aliyezaliwa 1996, wakampa jina la Kiswahili, Zawadi. Zawadi alizeeka kwenye mabonde yaleyale aliyofichwa.

Kijana wa kiume hana urithi huo. Akibaki, madume wakubwa watamuua. Anaondoka. Aliyezaliwa Mahale, upande wa magharibi kuna ziwa, kusini na mashariki kuna wenyewe, basi njia nyingine ni kufuata migongo ya milima kuja kaskazini, kwenye miombo ya Masito na Ugalla. Katika bonde la Issa watafiti wametega kamera zinazopiga picha zenyewe, na chui huonekana humo wakipita usiku. Kijana huyo ana miaka miwili, hajui eneo, hajazoea windo la huko, na kila mahali anapokojoa kuna harufu ya aliyemtangulia. Akizidi kusukumwa anafika palipo na mashamba, na palipo na mashamba pana zizi la miti iliyooza na mbuzi wanaolia usiku. Mbuzi halali kimya kama alivyofundishwa yeye kulala. Kwa chui, sauti ile ni mtu anayetangaza bidhaa.

Mpaka hapo kijana huyu ambaye mama yake alimficha, akamhamisha kwa mdomo, akamlamba asinuke, anaingia rasmi katika habari za wanadamu, na jina lake ni mwizi wa mbuzi. Zizi la miba iliyoshonana, lenye paa, na mbwa anayelala ndani badala ya nje, hupunguza sana hasara; hilo wafugaji wa Kimasai watawaambia vizuri kuliko mimi. Fidia ya serikali ni habari nyingine, na nakiri sijaja na karatasi zake leo.

Naona kumeanza kuingia giza na wavuvi wanataka kuwahi taa zao ziwani, usiku huu hauna mwezi. Wenye maswali tuendelee. Mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mbuzi, na hajaushusha. Karibu, mama.